Kwenu vijana mnaoingia benchi la timu ya taifa ya mieleka

Nilikuwa kando ya mkeka kwenye mchujo wa timu ya taifa, nikawatazama makocha wasaidizi wapya wakihangaika na wachezaji wao. Nikamuuliza mmoja, kijana mchapakazi sana, msichana wake wa kilo 62 ana nafasi gani Afrika. Akanijibu bila kusita: "Huyu ana moyo, kocha." Moyo anao. Moyo anao pia Mnaijeria atakayekutana naye, na Mtunisia, na yule wa Kamerun. Nilichotaka ni majina, na hakuwa na hata moja.

Nimeona nisinyamaze. Naipenda timu hii na ninyi nawapenda, hata mnaponikasirisha. Medali zote za Kenya katika Olimpiki zimetoka kwenye riadha na ndondi. Robert Wangila alileta dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba michezo ya kukabiliana si yetu. Mieleka bado haijaleta kitu, na mimi naamini inaweza. Ila inaponyoka mikononi mwa watu wa benchi mara nyingi kuliko mnavyodhani, na hapo ndipo nataka tuzungumze.

1. Anzeni na hesabu. Kwa Olimpiki ya Paris 2024, kila uzani ulikuwa na nafasi 16. Tano ziligawiwa kwenye ubingwa wa dunia wa Belgrade 2023. Nane zikatoka kwenye mashindano manne ya mabara, mbili kwa kila moja. Tatu za mwisho zikapiganiwa Istanbul Mei 2024. Sisi Afrika tunachanganywa na Oceania, na mchujo wetu ulikuwa Alexandria, Machi 2024. Nafasi mbili maana yake ni wanaofika fainali, basi. Anayepoteza nusu fainali kisha akachukua shaba tutampokea uwanja wa ndege kwa maua na nyimbo, na anastahili, lakini tiketi ya Olimpiki hana. Kwa hiyo ukiulizwa matumaini ya mchezaji wako, swali ni nani wamesimama kati yake na fainali. Andika majina yao kabla hujaandika ratiba ya mazoezi. Kwenye kilo 57 wanaume, miaka nenda miaka rudi, jina lilikuwa Adama Diatta wa Senegal. Kocha wa uzani huo ambaye hakuwahi kukaa na video za Diatta alikuwa anafundisha gizani.

Na hesabu haiishii hapo. Ubingwa wa dunia una uzani kumi kwa kila mtindo (huru wanaume, Greco-Roman na wanawake), Olimpiki ya Paris ilikuwa na sita. Mtindo huru wanaume ni 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Mvulana wako anayetamba kwenye kilo 70 au 79 hana nyumba huko. Aidha apande au ashuke, na uamuzi huo unahitaji mwaka mzima au zaidi wa kula na kujenga mwili. Nimeshuhudia watoto wakiambiwa miezi mitatu kabla ya mchujo. Mwacheni mtoto ajue mapema anaelekea wapi.

2. Droo ikitoka, ipige picha, ichore upya kwenye daftari, ufuate mistari yote hadi fainali. Msiniambie simu iliisha chaji.

3. Mchezaji aliyepigwa hajamaliza mashindano. Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu lilinikuta mimi, na juzi nimeona mmoja wenu akimpeleka kijana kantini dakika kumi baada ya kupigwa.

Yalikuwa mashindano ya Afrika, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa msaidizi, kazi yangu ilikuwa chupa za maji, taulo na kuangalia uzito wa vijana. Kijana wetu mmoja wa uzani mwepesi alipigwa pambano la kwanza asubuhi, kumi kwa sifuri, dakika mbili hazijaisha. Aliangushwa, akashikwa kiunoni, akaviringishwa mara nne mfululizo, mwamuzi akasimamisha, maana tofauti ya pointi kumi inamaliza pambano. Alitoka mkekani akitetemeka midomo. Alikuwa amejinyima chakula kwa siku kadhaa ili afikie uzito, mashavu yamezama, na sasa kila kitu kimekwisha. Nilimwonea huruma kama mdogo wangu. Nikamwambia, "Twende ukale."

Alikula. Wali, kuku, mkate, juisi ya embe, akaongeza wali. Alasiri akala biskuti na soda jukwaani huku tukiwashangilia wenzake. Nilifurahi kumwona anatabasamu.

Jioni, yule aliyempiga asubuhi alishinda nusu fainali. Mimi wakati huo nilikuwa mkeka wa pili, nikipiga kelele kwa ajili ya dada yetu mmoja, wala sikugeuza kichwa. Mnajua kanuni: waliopigwa na watu wawili wanaofika fainali wanarudishwa kwenye repeshaji kupigania shaba. Mimi pia niliijua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningeijibu vizuri. Lakini kichwani mwangu kijana alikuwa ameshatoka, na nilipomhesabu nje sikumhesabu tena ndani.

Saa nne usiku kocha mkuu alibisha mlango akiwa na karatasi ya ratiba ya kesho. Hakupaza sauti. Akasema, "Kijana wako anapigana asubuhi. Ana kilo ngapi?" Tulimpandisha kwenye mizani ya hoteli. Alikuwa amezidi kilo moja na nusu.

Usiku huo hatukulala. Alivaa majaketi mawili, akakimbia kwenye korido mpaka wageni wakalalamika kwa mapokezi, tukahamia ngazi za nyuma. Akatafuna bazoka na kutema mate kwenye chupa. Tukafungulia maji ya moto bafuni, tukafunga mlango, akakaa humo ndani ya mvuke na mimi nimekaa naye sakafuni nikimwuliza kila baada ya muda anaitwa nani, nikihofia asije akazimia. Kufikia alfajiri jasho lilikuwa limekataa kabisa. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, na nilijua kwamba tukiendelea tutamuumiza. Nikamwambia aache.

Upimaji wa siku ya pili ni dakika kumi na tano tu. Alipanda, mizani ikaonyesha gramu mia tatu zaidi. Akashuka, akapumua, akapanda tena. Gramu mia tatu. Ofisa akaandika, akamwita anayefuata. Mtu aliyepaswa kukutana naye akapita bila kupigana, na jina la kijana wetu likashuka hadi mwisho wa orodha, kana kwamba hata kuja hakuja.

Tukiwa kwenye basi alimpigia mama yake simu. Nilimsikia akimwambia kwamba aliugua tumbo. Hakunitaja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na alinisitiri mimi niliyekuwa mkubwa wake, na ndiyo maana siwezi kuona msaidizi akinunua chapati saa tano asubuhi nikakaa kimya.

Kwa hiyo: aliyepigwa anakula kidogo, kwa kipimo, mpaka nusu fainali ya mwisho ya uzani wake iishe. Baada ya hapo mnunulieni ng'ombe mzima akitaka.

Msidhani haya ni matatizo ya timu zisizo na fedha. Agosti 6, 2024, kule Paris, Vinesh Phogat wa India alimpiga Yui Susaki wa Japani, bingwa mtetezi ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano la kimataifa. Siku hiyo hiyo akashinda mengine mawili akaingia fainali ya kilo 50. Alikuwa ameshuka kutoka 53. Usiku kucha timu yake, yenye daktari na wataalamu wa lishe, ilihangaika naye, ikafikia hadi kumkata nywele. Asubuhi akazidi gramu 100, akaondolewa, akawekwa wa mwisho. Akakata rufaa kwenye mahakama ya michezo, ikatupwa. Yusneylis Guzmán wa Cuba, aliyekuwa amepigwa na Vinesh kwenye nusu fainali, ndiye akapigana fainali na Sarah Hildebrandt wa Marekani. Na Susaki? Alirudi kupitia repeshaji akachukua shaba. Alipigwa pambano la kwanza kabisa, na kesho yake mizani ilimkuta yuko tayari. Watu wake walikuwa wanajua kuhesabu.

Kisa cha Vinesh kinanifundisha jambo lingine pia: msimshushe mchezaji uzani mmoja kwa sababu tu uzani wake una mtu mgumu. Siku ya kwanza atafika. Siku ya pili, baada ya kupigana mara tatu na kunywa maji ili aweze kusimama, mwili unadai deni lake.

4. Sifongo ya kupinga uamuzi, ile kocha anayoirusha mkekani ili video itazamwe, si ya kutupia hasira. Ukipinga na ukakosea, mpinzani anapata pointi na wewe huna tena haki ya kupinga. Kama hukuona kwa macho yako mgongo ukigeuka au mguu ukitoka nje, ishike mkononi.

5. Sare si sare. Fundisheni vijana kwamba kwa 4-4 kuna mshindi tayari kwa kigezo, kama vile aliyepata pointi kubwa zaidi kwa mpigo mmoja, na kijana anatakiwa ajue ni nani bila kukutazama. Mtoto anayeshindwa kwa kigezo huku akidhani anaongoza, sekunde ishirini zimebaki, anarudi nyuma kulinda kitu ambacho hana. Hilo niliona mara mbili kwenye mchujo. Mara mbili! Na kocha wake alikuwa akipiga makofi.

6. Anayeongoza aendelee kupigana kwa akili. Odunayo Adekuoroye wa Nijeria ni bingwa wa Jumuiya ya Madola wa 2014, 2018 na 2022, mmoja wa wanamieleka bora kabisa waliowahi kutoka bara hili. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alikuwa mbele kwa pointi dhidi ya Anastasia Nichita wa Moldova, akaangushwa chali, pambano likaisha hapo hapo. Mchezo huu hauna uongozi ulio salama mpaka king'ora kilie. Wekeni hali hiyo kwenye mazoezi: mpe kijana uongozi wa sita, mbaki na dakika moja, mwenzake aje kumtafuta mgongo.

7. Sasa matumaini yenyewe, kwa kuwa ndiyo mnayoniuliza kila siku. Mlango ulio karibu zaidi nasi ni wa wanawake. Marwa Amri wa Tunisia alichukua shaba Rio 2016, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata medali ya Olimpiki ya mieleka. Miaka mitano baadaye Blessing Oborududu wa Nijeria akachukua fedha kwenye kilo 68, akiwa na miaka 32. Nataka mlitazame hilo la miaka 32. Sisi wasichana wetu wanaacha wakiwa na ishirini na mbili, ishirini na tatu, akiolewa au akipata kazi, na hakuna anayemfuata nyumbani kumuuliza angehitaji nini ili arudi. Mfuateni. Ongeeni na mume, ongeeni na mama mkwe, tafuteni mtu wa kumshika mtoto saa za mazoezi. Hiyo nayo ni kazi ya benchi.

Wanaume nao wasikate tamaa. Guinea-Bissau ni nchi ndogo kuliko nyingi mnazozijua, lakini Augusto Midana alitoka huko akawa bingwa wa Afrika na kufika Olimpiki, kwa sababu mieleka ya kijijini inachukuliwa kwa uzito na vijana wanaokotwa huko huko. Na sisi tunazo sherehe za vijijini ambako vijana wanapigana mieleka mbele ya umati. Ni nani kati yenu ameenda huko na daftari?

8. La mwisho ni la kalenda, na ni la haraka. Mieleka haimo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026. Kwa wengi wetu hiyo ilikuwa nafasi ya kukutana na Wahindi, Wakanada na Wanaijeria kwa mpigo mmoja, na imeondoka. Pengo hilo lijazwe na ubingwa wa Afrika wa kila mwaka na kambi za pamoja. Barua za kuomba kambi ziandikwe sasa, kwanza kwa Wanaijeria. Daniel Igali, ambaye amekuwa rais wa shirikisho lao, alizaliwa Nijeria, akabaki Kanada baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1994 iliyofanyika huko, akaishindia Kanada dhahabu ya Sydney 2000, kisha akarudi kujenga mieleka ya nyumbani. Mtu wa aina hiyo anaelewa maana ya kijana kutafuta mkeka wa kufanyia mazoezi. Rasimu ya barua ninayo. Anayejua kuandika Kiingereza cha ofisi anione kabla ya mazoezi ya Jumamosi.