Maji ya Arusha huchemka mapema: majibu kwa maswali yenu ya vipimo

Kila kijana anayekuja karakana kwangu kujifunza vipimo huwa namwambia jambo moja siku ya kwanza: hakuna chombo kinachopima kile unachokitaka. Kinapima jirani yake, yaani mwanga, umeme au muda, halafu kinakisia. Karibu maswali yote yaliyonifikia safari hii yameangukia hapo, kwenye kukisia. Nimeyafupisha kidogo, mnisamehe.

Nimenunua kipimajoto cha dijitali kwa ajili ya kutengeneza mtindi. Nimekijaribu kwenye maji yanayochemka, kikasoma 95. Muuzaji amekataa kukipokea. Nifanyeje? (Mama wa mtindi, Njiro)

Mama, usigombane na muuzaji wa watu. Kipimajoto chako ni kizima. Zile nyuzi 100 tulizokariri shuleni ni za Tanga na Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Wenzetu wa Moshi wako chini kidogo, wao ni kama 97. Kilele cha Uhuru ni kama 80 tu, na huko juu makande hayaivi hata uyapigie magoti.

Ukitaka kukihakiki nyumbani, tumia barafu. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji baridi kidogo, koroga, subiri dakika mbili. Hapo lazima isome 0, uwe Njiro au uwe Pangani.

Nanunua tanzanite. Mzani wangu mpya umeletwa kutoka Ujerumani, na mzigo ambao mzani wa mwenzangu unasoma karati 100, wangu unasoma 99.6. Nani anaibiwa hapa? (Dalali wa mawe, Arusha)

Inategemea wewe ndiye unayenunua au unayeuza!

Mzani wa umeme hausomi uzito wa jiwe moja kwa moja. Unasoma jinsi jiwe linavyokandamiza sahani, na ukandamizaji huo unatokana na mvuto wa dunia, ambao si sawa kila mahali. Ujerumani mvuto ni kama 9.812, Arusha ni kama 9.776, kwa sababu tupo karibu na ikweta na tena tupo juu. Tofauti hiyo ni karibu sehemu 4 katika 1,000. Piga hesabu kwenye karati 100 utaipata ile 0.4 yako. Kiwandani waliurekebisha kwa mvuto wa kwao, ukafika hapa haujaambiwa kwamba umehama.

Dawa yake ni jiwe, ila si lile la Mererani. Tafuta jiwe la mzani lililohakikiwa, weka mzani kwenye hali ya kurekebisha (kitufe chake kwa kawaida kimeandikwa CAL), uupimie hapo hapo mezani unapofanyia biashara. Kisha uupeleke kwa Wakala wa Vipimo wauhakiki na kuugonga muhuri, maana kwa biashara hiyo ni sheria, si hiari. Na feni uizime wakati wa kupima. Mizani ya zamani ya vitanga viwili haikuwa na shida hii ya mvuto, kwani dunia ilivuta pande zote mbili sawasawa. Wazee hawakuwa wajinga.

Sisi waongoza wageni tunabeba vile vipima oksijeni vya kubana kidoleni. Usiku wa kupanda kileleni, mgeni anasoma asilimia 78 na anatembea vizuri, mpagazi wetu anasoma 88 lakini anayumba. Tuamini nini? (Mwongoza wageni, Marangu)

Hili ndilo swali lililonikalisha chini, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kile kidude kina taa mbili ndogo. Moja ni nyekundu, ya nanomita 660, nyingine ni ya infraredi, ya nanomita 940, ambayo jicho la mtu haliioni. Upande wa pili kuna kijicho kinachopokea mwanga uliopenya kidole. Damu iliyoshiba oksijeni humeza infraredi zaidi na kuiachia nyekundu ipite, na damu iliyopungukiwa hufanya kinyume chake. Tatizo ni kwamba kidole si damu tupu. Kuna ngozi, kuna nyama, kuna mfupa, na vyote vinameza mwanga. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyelitatua hilo mwaka 1974. Aliona kwamba vitu hivyo vyote vimetulia, kinachochezacheza kila moyo unapopiga ni damu ya ateri peke yake. Basi shika ile sehemu inayocheza, mengine yaache. Wazo dogo namna hiyo, nami hadi leo namkubali mzee yule.

Lakini kutoka kwenye mwanga hadi kwenye asilimia kuna daraja la kukisia. Watengenezaji huchukua watu wazima wenye afya, wakawapunguzia oksijeni taratibu, wakawatoa damu na kulinganisha. Hawawezi kumshusha mtu chini sana, hivyo huishia kwenye 70 hivi. Chini ya hapo chombo kinaurefusha tu mstari kwa kubuni. Mkisoma 64 pale juu ya Kibo, jueni kwamba namba hiyo maana yake ni "chini sana", si 64.

Na waliopimwa wakati wa kutengeneza vyombo hivi wengi walikuwa watu wa ngozi nyeupe. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba za vidoleni na damu yenyewe maabara. Waliangalia wagonjwa ambao chombo kiliwasomea kati ya 92 na 96, hali ambayo haimshtui mtu. Kati ya Weusi 100, karibu 12 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa Wazungu walikuwa chini ya 4. Kosa lenyewe limeelekea upande mbaya, maana linaficha hatari. Kwa hiyo ile 88 ya mpagazi wenu huenda ni ndogo zaidi ya hapo.

Watafiti wamelishikia bango. Wapo wanaoongeza rangi za mwanga zaidi ya mbili, wapo wanaotumia mwanga uliopangwa mawimbi yake ili kupunguza athari ya weusi wa ngozi. Januari 2025 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilitoa rasimu inayotaka vyombo vipimwe kwa watu wengi zaidi na wa rangi zote za ngozi. Ila kile ulichonacho mfukoni leo ni cha zamani, tusidanganyane.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mkono uingizwe kwanza ndani ya koti dakika chache, maana kidole cha baridi damu yake haichezi na chombo kinapapasa gizani. Rangi ya kucha ifutwe. Subirini namba itulie, nusu dakika au zaidi. Mpimeni kila mtu kwa kidole kile kile, saa ile ile, mwandike, mmlinganishe na yeye mwenyewe wa jana badala ya kumlinganisha na mwenzake. Halafu mwambieni atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kigusane na vidole. Anayeyumba anashuka, usiku huo huo, hata chombo kikisoma 95. Na wapagazi ndio wa kuangaliwa zaidi: mgeni akiumwa kichwa atasema, mpagazi atanyamaza kwa kuogopa kukosa safari ijayo.

Mlima wetu Kilimanjaro ni mita 5,895 au 5,892? Mwanangu amekosolewa shuleni. (Baba, Soweto, Moshi)

Mwalimu anataka 5,895, ampe hiyo. Ndiyo iliyopimwa na Waingereza mwaka 1952 kwa darubini za kupimia pembe. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na vipokezi vya GPS wakapata 5,892. Mlima haukufupika. GPS hupima umbali kutoka umbo la dunia la kimahesabu, kisha lazima uubadilishe uwe urefu juu ya usawa wa bahari, nayo bahari iko mbali sana na Moshi. Mita tatu hizo zimo humo.

Nimechimba kisima maeneo ya Usa River. Maji ni maangavu na matamu. Kijana mmoja kapima kwa dawa ya matone akasema floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi, iko sawa. Jirani, hatua hamsini kutoka kwangu, kapeleka maabara kaambiwa iko juu. Nani mkweli? (Mstaafu)

Mzee wangu, shikamoo. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, maana chini ya Meru maji ya visima viwili jirani yanaweza kutoka kwenye tabaka tofauti za mawe. Lakini kwanza ondoa imani ya macho: floraidi haina rangi, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki.

Dawa ya matone ni rangi nyekundu inayofifia ikikutana na floraidi. Ni njia nzuri ikifanywa na mtu anayeijua, ila kikomo chake kwa kawaida ni miligramu 2 kwa lita. Maji yenye zaidi ya hapo lazima uyazimue kwa maji safi ya maabara, kisha uzidishe. Kijana aliyazimua? Halafu alumini ikiwemo kwenye maji inaikamata floraidi, rangi inagoma kufifia, unapata namba ndogo ya kukufurahisha.

Maabara nzuri hutumia elektrodi yenye kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi, uvumbuzi wa mwaka 1966. Fuwele hiyo inapitisha floraidi na karibu hakuna kingine, na kila floraidi ikizidi mara kumi, voltimita inasogea kama milivolti 59. Inafanya kazi kwenye maji machache na maji mengi, lakini ina adabu zake. Lazima maji yachanganywe na dawa inayoiachisha floraidi na alumini na inayoshusha ukali wa magadi, na haya maji yetu ya Meru yana magadi ya kutosha. Milivolti moja ikikosewa, jibu linakosea kwa asilimia 4.

Sasa hivi watafiti wengi wanahangaika na karatasi inayobadilika rangi ikasomwa na kamera ya simu. Napenda wazo lenyewe, ila kamera ya simu hujirekebisha mwanga yenyewe bila kukuomba ruhusa, na hapo ndipo kazi ilipo. Hapo jirani yako Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio lililomletea mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lakini chujio lolote bila kipimo ni imani tu.

Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4, kwa hiyo ukiambiwa "iko sawa" uliza sawa na ipi. Chukua sampuli yako kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwani kioo na floraidi hawapatani. Na kama kuna wajukuu wadogo nyumbani, usisubiri, meno yao yanajengwa sasa.

Ni kweli mkongo wa mawasiliano uliochimbiwa kando ya barabara ya Moshi–Arusha unaweza kutusikiliza? (Dereva wa bodaboda, Boma Ng'ombe)

Maneno yako, hapana. Pikipiki yako, mkongo ukifungiwa chombo chake, ndiyo.

Unatuma mapigo ya leza kwenye uzi wa kioo. Kioo si safi kabisa, kina vijidoa visivyoonekana, na kila kijidoa kinarudisha mwanga kidogo nyuma. Muda wa kurudi unakueleza ni kijidoa cha wapi. Ardhi ikitikisika, uzi unavutika kwa kiasi kidogo mno, na ule mwanga wa kurudi unabadilika. Ghafla mkongo wa makumi ya kilomita umekuwa maelfu ya masikio, moja kila mita chache. Gari kwenye skrini huonekana kama mstari wa mshazari, na mlalo wa mstari ndio mwendokasi. Mtu akichimba kwa sururu karibu na mkongo, anasikika kabla hajaukata.

Kinachonivutia mimi si magari. Iceland, mji wa Grindavík ulipohamishwa watu Novemba 2023, watafiti walitumia mkongo wa simu namna hii kufuatilia uji wa moto wa volkano ukipanda ardhini. Sisi tuna Ol Doinyo Lengai. Wakubwa mnakumbuka Julai 2007, tetemeko la tarehe 17 lilikuwa la 5.9, Arusha watu walilala nje, na mwanzoni mwa Septemba mlima ukalipuka. Siku hizi kuna vipokezi vya GPS kuuzunguka mlima ule na setilaiti za rada zinaona ardhi ikishuka kwa sentimita. Mkongo ungeongeza masikio. Kikwazo ni bei ya kile chombo cha leza, na kuupata uzi ambao hautumiki.

Kamati ya mfongo wetu (mfereji wa kumwagilia mashamba) inagombana kila kiangazi. Wa chini wanasema wa juu wanabana maji. Kuna kifaa cha kisasa cha kupima? (Mwenyekiti, Kibosho)

Kipo. Wajapani tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakipima mito kwa video: kompyuta inafuata povu na majani juu ya maji na kupata kasi, na sasa simu ya kawaida inaweza. Lakini simu inaona uso wa maji tu. Kina na upana utaupima mwenyewe, na kasi ya juu huizidisha kwa kama 0.85 kwa sababu maji ya chini yanakokotwa na udongo.

Kwa mfongo nisingeanzia huko. Nunueni bati gumu, mlikate pembe ya V ya nyuzi 90, ukingo uwe mkali, mlisimamishe maji yote yapite hapo. Pimeni kimo cha maji juu ya ncha ya V, si penye pembe yenyewe bali nyuma kidogo, upande maji yanakotokea, yalipotulia. Sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 si mara mbili, ni kama lita 25. Hapo ndipo ugomvi wenu ulipo: wa juu wanaona maji yameongezeka "kidole kimoja tu". Pakeni rula kwa rangi, andikeni lita badala ya sentimita, kila mtu asome mwenyewe.

Kabla ya kununua chochote, jaribuni na machungwa. Pimeni mita kumi za mfongo ulionyooka, tupieni chungwa, hesabuni sekunde, rudieni mara tano mbele ya pande zote mbili. Kikao kikishindwa kuelewana, machungwa mtayala.