Sloti Ndefu, Njia Chache: Niliyojifunza Nikifunga Kadi za Kasi Kwenye Kompyuta Niliyoiunda Mwenyewe

Kadi ya kwanza ya mtandao ya gigabiti 10 niliyoifunga kwenye kompyuta yangu ya mezani ilifanya kazi mara tu nilipoiwasha, na hilo ndilo lililonipotosha. Taa zake ziliwaka, mfumo endeshi uliitambua bila kudai dreva, na mafaili yakaanza kupita kati ya kompyuta hiyo na ile ninayohifadhia kazi zangu. Nilipopima mwendo kwa programu ya iperf3, nilipata gigabiti 3 na ushei kwa sekunde badala ya 9 na ushei ambazo kadi ya namna hiyo hutoa ikiwa mambo yako sawa. Nikabadilisha kebo, kisha dreva, kisha nikaazima kadi nyingine ya aina ileile. Nayo ikatoa gigabiti 3 na ushei zilezile, na hapo nilipaswa kushtuka, kwa sababu ni nadra sana kadi mbili kuharibika kwa kipimo kimoja.

Kadi zote mbili zilikuwa nzima. Nilikuwa nimezichomeka kwenye sloti ndefu iliyo chini kabisa ya ubao mama, nikiamini kwamba sloti yenye urefu wa x16 ina njia 16 za data. PCI Express, yaani mfumo unaounganisha kadi hizi na ubao, husafirisha data kwa njia, na kila njia ina jozi mbili za nyaya, moja ya kupeleka na nyingine ya kupokea. Alama za x1, x4, x8 na x16 huhesabu njia hizo, lakini urefu wa plastiki ya sloti na idadi ya njia zilizounganishwa nyuma yake ni mambo mawili tofauti. Watengenezaji huweka sloti ndefu yenye njia 4, au hata 1, ili kadi ya urefu wowote iweze kuingia. Sithubutu kuuita huo udanganyifu, kwani jambo hilo huandikwa kwenye kitabu cha maelezo ya ubao, ingawa mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Kwenye ubao wangu, sloti ile ilikuwa na njia 4 ambazo iligawana na sloti mbili ndogo za x1, na kwa mpangilio wa kiwandani iliachiwa njia 1 tu mpaka mwenye kompyuta aingie kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi, na kuamua vinginevyo.

Hesabu iliyofuata ndiyo iliyonifungua macho. Kadi ile ilikuwa ya kizazi cha pili cha PCI Express, na iliundwa kutumia njia 8. Njia moja ya kizazi hicho hubeba megabaiti 500 kwa sekunde kila upande, yaani gigabiti 4 kwa kuwa baiti moja ni biti 8, na ukitoa kinacholiwa na vichwa vya vifurushi vya data zinabaki zile 3 na ushei nilizokuwa nikiziona. Ubao wangu ulikuwa wa kizazi cha tatu, ambacho njia yake moja hubeba takriban megabaiti 985, na nilidhani upya wa ubao ungefidia uchache wa njia. Haufidii, kwa kuwa kadi na sloti zinapowashwa hukubaliana kwa kizazi cha chini kati ya vile vyao viwili, na kwa idadi ndogo ya njia kati ya zile walizonazo. Kwa hiyo kadi ya zamani yenye njia nyingi, ikiingia kwenye sloti mpya yenye njia chache, hupunjwa mara mbili. Nilipoacha kutumia sloti ndogo na kuirudishia ile ndefu njia zake 4, nilipata nafasi ya gigabaiti 2 kwa sekunde, nayo inatosha kabisa, kwani gigabiti 10 ni sawa na gigabaiti 1.25.

Anayenunua kadi iliyotumika, hasa iliyotoka kwenye seva, anapaswa kuifanya hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha. Kizazi cha kwanza, kilichotoka mwaka 2003, kilibeba megabaiti 250 kwa kila njia, na tangu hapo kila kizazi kimeongeza uwezo takriban maradufu, hivi kwamba cha nne hufikia karibu gigabaiti 2 na cha tano karibu 4. Zidisha kwa idadi ya njia ambazo kadi na sloti zote mbili zinazo, kisha linganisha na kile kadi inachotakiwa kufanya. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Mimi nilipoteza wikendi mbili kwa sababu sikuifanya.

Baada ya urefu wa sloti, swali linalofuata ni zile njia zinatoka wapi. Baadhi hutoka moja kwa moja kwenye prosesa, na nyingine hutoka kwenye chipseti, chipu ya ubao inayohudumia vifaa vingine, ambayo nayo huunganishwa na prosesa kwa kiungo kimoja kinachobeba kila kitu kilicho nyuma yake. Prosesa za kawaida za Ryzen za soketi ya AM4, kwa mfano, zina njia 24: kwa desturi 16 huenda kwenye sloti ya kadi ya michoro, 4 kwenye diski ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao), na 4 kwenye chipseti. Ukiijaza chipseti diski, kadi ya mtandao na vifaa vya USB, vyote hivyo hupita katika njia hizo 4, ambazo kwa kizazi cha tatu hazifikii gigabaiti 4 kwa sekunde. Kwa matumizi mengi hutaona tofauti, maana data inayopanda na inayoshuka hupita kwenye nyaya tofauti, kwa hiyo kunakili kutoka diski moja hadi nyingine hakukwami kama watu wengi wanavyohofu. Tofauti nimeiona pale nilipounganisha diski mbili za kasi zisome kwa pamoja nyuma ya chipseti: kila moja peke yake ilisoma zaidi ya gigabaiti 3, na zote mbili pamoja zikaongeza kidogo tu juu ya hapo.

Kuna mgawano mwingine ambao humtisha mtu zaidi kwa sababu haupunguzi mwendo bali huzima kabisa. Siku niliyochomeka diski ya pili ya M.2, diski zangu mbili za SATA, zile zinazounganishwa kwa waya, zilitoweka, na kwa saa nzima nilijua zimekufa. Ubao wangu, kama nyingi nyingine, ulitumia nyaya zilezile kwa M.2 ya pili na kwa matundu mawili ya SATA, na ukipata kifaa kwenye M.2 huyazima matundu hayo kimyakimya. Nilihamishia waya kwenye matundu mengine na diski zikarudi zikiwa na kila kitu. Ndiyo maana sasa, kabla hata ya kushika bisibisi, natafuta kwenye kitabu cha ubao mchoro unaoonyesha ni nini kimeunganishwa na nini, na kurasa za maelezo ya kila sloti nazisoma mpaka nukta ya mwisho. Kwangu mimi, ubao usio na maelezo hayo haufai kununuliwa na mtu mwenye mpango wa kufunga zaidi ya kadi moja.

Kadi inayobeba diski nne za M.2 kwa pamoja inastahili kuzungumziwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayowakwaza wengi. Nyingi za bei nafuu ni njia tupu: zinachukua njia 16 za sloti na kuzigawa nne nne kwa kila diski, bila chipu yoyote ya kusimamia mgawo huo. Kazi ya kugawa huachiwa ubao, na usipouambia kupitia BIOS, utaona diski ya kwanza tu huku nyingine tatu zikiwa kama hazipo. Mpangilio huo kwa kawaida huonekana katika sura ya x4x4x4x4, lakini si kila ubao unao: baadhi huishia x8x8, yaani utapata diski mbili, na baadhi haukubali kugawa kabisa. Kadi zenye chipu yake ya kugawa hazihitaji ruhusa ya ubao, ila ni ghali na hupata joto zaidi. Kumbuka pia kwamba njia 16 za prosesa ni hizohizo. Katika mbao nyingi, ukitumia sloti ya pili iliyounganishwa na prosesa, kadi ya michoro hubaki na njia 8. Mimi nimekubali biashara hiyo bila majuto, maana katika kazi zangu sijaona upungufu unaoweza kunisumbua.

Kebo za kurefusha sloti, zile zinazowezesha kadi ya michoro kusimama wima ndani ya kasha, zina hila yake. Kebo iliyotengenezwa kwa kizazi cha tatu, ikiwekewa kadi na ubao vya kizazi cha nne, haiwaambii kwamba haimudu, nao hujaribu kuzungumza kwa kasi ya juu, na matokeo huwa skrini nyeusi au kompyuta inayoganda bila mpangilio. Dawa ni kuingia kwenye BIOS na kuilazimisha sloti hiyo itumie kizazi cha tatu. Kwa kuwa huwezi kuingia kwenye BIOS bila picha, ichomeke kadi moja kwa moja kwenye ubao kwanza, badilisha mpangilio, kisha irudishe kwenye kebo.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi. Sloti ya x16 hutoa wati 75 zisizozidi, plagi ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150, kwa hiyo jumlisha kabla ya kununua. Jambo moja tu nalisisitiza kwa sauti: usichukue nyaya za pawasaplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) moja ukazitumia kwenye nyingine kwa sababu tu zinaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, hata kati ya bidhaa za mtengenezaji mmoja, na kosa hilo huunguza vifaa papo hapo.

Joto ni adui mpole zaidi. Kadi za seva, hasa vidhibiti vya diski na kadi za mtandao za zamani, zimeundwa kukaa katika mkondo mkali wa upepo wa feni zenye kelele, na ukizileta kwenye kasha tulivu la nyumbani huanza vizuri na kulegea baada ya dakika kadhaa. Kidhibiti changu kilikuwa kikizipoteza diski kila mara nilipofanya kazi ndefu, na kila nilipokipima kwa kazi fupi kilikuwa salama. Nilipoligusa bati lake la kupoza, nilirudisha kidole haraka. Feni moja ndogo iliyoelekezwa kwake ikamaliza kesi hiyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kadi hizi huwa na kamba nyingine pia: baadhi hufanya ubao wa kawaida usiwake kabisa kwa sababu ya mawasiliano ya pini za B5 na B6, na utepe mwembamba usiopitisha umeme ukibandikwa juu ya pini hizo mbili huondoa tatizo. Nilicheka niliposikia ushauri huo mara ya kwanza, kisha nikautumia.

Kadi ikishawaka, usiridhike na taa zake. Kwenye Linux, amri ya lspci -vv ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi huonyesha mistari miwili, LnkCap inayosema kadi inaweza nini, na LnkSta inayosema imekubaliana nini na sloti. Zikitofautiana, mara nyingi utaona neno downgraded likikusubiri hapo. Kwenye Windows, kwa kadi za mtandao, amri ya Get-NetAdapterHardwareInfo ndani ya PowerShell hutoa taarifa hizohizo. Angalizo ni kwamba kadi za michoro hushusha kasi ya kiungo zikiwa hazina kazi ili kuokoa umeme, kwa hiyo ukikuta 2.5 GT/s, yaani kasi ya kizazi cha kwanza, usiogope mpaka uipe kadi kazi nzito na kuangalia tena. Idadi ya njia ikiwa pungufu ilhali kitabu kinasema sivyo, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa spiriti ya isopropili, uiache ikauke, na uirudishe mpaka kishikizo cha sloti kibane. Mara mbili nimekuta kadi ya njia 16 ikitumia 8 kwa sababu tu ilikuwa imeinama kidogo kwa uzito wake.

Kwenye BIOS, mimi huwasha Above 4G Decoding (inayoruhusu kadi kutumia anwani za kumbukumbu zilizo juu ya gigabaiti 4) na kuzima CSM (hali ya kuiga BIOS za zamani) kabla ya kufunga kadi yoyote inayodai eneo kubwa la kumbukumbu, mradi mfumo endeshi uliwekwa kwa hali ya UEFI, ile mpya iliyochukua nafasi ya BIOS za zamani, la sivyo kompyuta itashindwa kuuanzisha. Kisha nafunga kadi moja, napima, naandika matokeo, ndipo nafunga inayofuata. Leo kompyuta ile ina kadi ya michoro yenye njia 8, kadi ya diski mbili yenye njia 8 nyingine, na ile kadi ya mtandao iliyonisumbua, ambayo bado iko kwenye sloti ileile ya chini ikiwa na njia zake 4. Jana usiku ilipima gigabiti 9.4.