Jina Fumo: mkuki au mfalme?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimejaliwa mtoto wa kiume, na baba mkwe wangu, mtu wa Lamu, ametaka aitwe Fumo. Kwetu Tanga wameguna. Mjomba anasema fumo ni mkuki na mtoto haitwi silaha. Shangazi anasema si jina la Kiislamu. Juu ya hayo, kwenye cheti cha kuzaliwa wamemwandika "Mfumo". Jina hili asili yake nini, na je, nikubali mtoto aitwe hivyo? – Mama Mzazi, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu akukuzie.

Mjomba ana lake: fumo ni mkuki wenye bamba pana. Lakini baba mkwe wako hakuutaja huo. Kwa watu wa Lamu, Pate na Ozi, Fumo ni mfalme, mkuu wa mji. Ni Kibantu kitupu. Wachewa wa Malawi hadi leo chifu wao humwita mfumu, na Wakongo kule magharibi vilevile. Kwetu kilikuwa cheo kinachotangulia jina, kisha taratibu kikawa jina lenyewe, kama Mwinyi ilivyokuwa. Unguja walitawaliwa na Mwinyi Mkuu, na leo kina Mwinyi wamejaa mitaani wala hakuna anayeuliza.

Shangazi mwambie hivi. Wafalme wa Pate, Wanabahani, walikuwa Waislamu na walilibeba jina hili bila haya. Palikuwa na Fumo Madi, na Madi ni Muhammad kwa ulimi wetu. Witu, ule mji wa bara karibu na Lamu, palikuwa na Fumo Bakari, yaani Abubakar, na baada yake Fumo Omari. Cheo cha wazee mbele, jina la dini nyuma, yote kinywani mwa mtu mmoja. Huyo Fumo Bakari ndiye aliyekuwa akitawala mwaka 1890 Wajerumani walipouawa Witu, na Waingereza wakaja na manowari na askari wakauchoma mji. Alikimbilia msituni, akafa mwaka 1891. Namtaja kwa sababu watoto wetu wanafundishwa majina ya waliochoma, aliyechomewa hawamjui.

Ila nadhani moyoni mwa mkweo yumo Fumo mwingine, Liyongo, shujaa na malenga ambaye kaburi lake watu wa Kipini wanalionyesha mpaka leo, pale mto Tana unapoingia baharini. Mimi kisa chake nilisimuliwa na nyanya yangu, na hakuwa akiruka kitu. Liyongo kafungwa gerezani, mamake anampelekea mkate wa wishwa ndani mna tupa, kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi wanaona wishwa, chakula cha mnyonge, wanaupitisha. Huku nje ngoma inalia, ndani anakata pingu. Mwisho wake anachomwa sindano ya shaba kitovuni, usingizini, na mwanawe mwenyewe aliyehongwa. Anaamka na jeraha lake, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta mshale. Mji mzima unakaa na kiu. Hakuna anayethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai, kumbe roho imeshatoka.

Basi jina hilo ndilo mtoto wako anapewa. Mimi ningelipokea kwa mikono miwili. Siku hizi kina Fumo ni wachache mno, nami inaniuma kuona majina yetu ya kale yakiachwa kwa sababu tu hayatoki Uarabuni. Jina likiwa na maana njema, halina ubaya. Na ukitaka kuwaridhisha wa Tanga pia, mwandikishe Fumo Madi au Fumo Bakari. Shangazi atamwita Bakari, babu atamwita Fumo, na wote watakuwa wamemwita mtoto wako.

Cheti msikiache hivyo. Rudini ofisini mapema na karatasi ya hospitali, mwombe ile M ya mwanzo iondolewe, maana ikishaingia kwenye rekodi za shule itamfuata hadi kwenye kitambulisho. Waandikieni kwa herufi kubwa, F-U-M-O, msiwatajie kwa mdomo tu. Na kabla hamjaondoka dirishani, kisomeni cheti kipya herufi kwa herufi, pamoja na jina la baba.