Uliza Fundi: Kromu Sio ya Kila Bolti

SWALI: Fundi, salamu kutoka Njoro. Mzee wangu aliniachia Volkswagen Beetle ya 1967, imekaa chini ya mti miaka kumi na kitu. Injini iko sawa tu lakini bampa zimeota kutu, vishikio vya mlango vimejaa vipele na bolti zote zimekuwa kahawia. Kuna jamaa hapa Nakuru anasema nimletee kila kitu kwa gunia moja atapiga kromu yote, hata bolti za breki, ati gari itang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Nimpe?

JIBU: Pole kwa mzee, na hongera kwa urithi, hiyo gari usiiuze bana, Beetle ndiyo ilishinda Safari Rally ya 1962. Lakini gunia usimpe bado.

Watu wengi wanadhani kromu ndiyo inazuia kutu. Kromu ni utando mwembamba sana, haifiki hata maikroni 1 (yaani sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wako mmoja ni kama maikroni 70 hivi. Kinachozuia kutu kwa bampa ni nikeli iliyo chini ya hiyo kromu, na ule mng'ao wa kioo unatoka kwa msasa na polishi, yaani kazi ya mikono kabla chuma hakijaguswa na tangi lolote la kupaka madini kwa umeme. Chuma kikiwa na vishimo, kromu haivifichi, inavianika. Fundi wa maana atatoa kromu ya zamani, asugue, apige shaba, asugue tena mpaka vishimo vijae, ndio aweke nikeli na mwisho kabisa kromu. Kwa hivyo swali la kumuuliza huyo jamaa ni nikeli anaweka nene kiasi gani, kwa bampa inayonyeshewa unataka kama maikroni 20 hadi 30, na akianza kukuangalia kama umemtusi basi chukua bampa zako uende.

Vishikio navyo ni hadithi ingine. Vya magari ya miaka hiyo mara nyingi si chuma, ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwa kalibu, ndio maana sumaku haishiki na kutu yake ni vipele vyeupe sio vyekundu. Asidi ya kusafisha chuma inakula hiyo aloi kama sukari kwa chai. Naongea kwa uchungu, zamani nilichovya kishikio kimoja kwa asidi ya betri nikaenda kula samaki, kurudi nilikuta kitu kama mfupa uliotafunwa na mbwa. Mwambie mapema ni aloi, ianze na shaba kwa tangi lisilo la asidi, na kama hajui tofauti heri utafute vishikio vingine.

Sasa bolti. Kiwandani hazikupigwa kromu, zilikuwa na rangi ya kijivu tu isiyo na mbwembwe, na kulikuwa na sababu. Nikeli na kromu ni kama koti, likitoboka chuma cha ndani kinaoza haraka zaidi. Zinki inafanya kinyume, inakubali kuliwa yenyewe chuma kibaki. Kwa hivyo bolti za kawaida na vibano piga zinki nyembamba ya umeme, ila sio ile ya kuchovya kwa zinki iliyoyeyuka, hiyo ni nene itajaza meno na nati haitapita. Za breki, springi, na bolti yoyote imeandikwa 10.9 ama 12.9 kichwani (alama ya chuma kigumu sana) usizipeleke kabisa. Asidi na tangi la umeme zinaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kinakuwa kama kioo, unakaza leo vizuri halafu kesho kutwa kinakatika bila kuvutwa na mtu. Dawa yake ni kuchoma kwa oveni nyuzi kama 200 kwa saa nyingi punde tu baada ya kutoka tangini, na mimi sijaona karakana nyingi za mtaani zenye hiyo oveni. Nunua mpya.

Na bolti za zamani usizipige grainda, nyingi zilipakwa kadimiamu na vumbi lake ni sumu.

SWALI: Niko Kisumu. Nilifunga bolti mpya za rangi ya dhahabu karibu na ekzosi, miezi miwili tu rangi imeisha. Niliuziwa feki?

JIBU: La hasha. Hiyo dhahabu ni utando wa kromati juu ya zinki, na joto la nyuzi kama 70 kwenda juu linauharibu, hapo kwa ekzosi hauna maisha. Na hewa ya ziwa haitakusaidia. Tafuta nati zilizopakwa shaba, zinawekwa hapo makusudi zisigande, siku ya kufungua hutaita mtu wa gesi.