Tulivyoachana Bila Kuburuzana

Ugomvi wetu wa mwisho, mimi na mama watoto, haukuwa wa watoto wala wa nyumba, maana nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, hapa Ngamiani, Tanga. Tuligombea cherehani. Nilikinunua kwa fedha yangu, risiti ninayo, na nilishaapa kwamba nitakwenda nayo hadi mahakamani.

Aliyenizuia ni mzee aliyekuwa mshenga wetu. Ndiye aliyepeleka barua ya posa kwao Pangani, akaona kuwa aliyeshuhudia fundo likifungwa ana haki ya kuangalia linavyofunguliwa. Akatuita kwake baada ya Alasiri, akaweka birika la kahawa katikati, akanisikiliza mimi na risiti yangu hadi nikaishiwa maneno. Kisha akauliza, “Mwanangu, wewe wajua kushona?”

Nikasema sijui.

“Sasa wakitakia nini?”

Mama watoto akacheka. Nami nikajikuta nacheka, ingawa hasira ilikuwa bado kooni. Cherehani kikabaki kwake, pikipiki ikabaki kwangu. Baadaye jamaa yangu aliyesoma sheria akanieleza kwamba hata huko mahakamani risiti isingenifikisha mbali. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Na huyu wangu hakuishia jikoni. Ada za shule zilitoka kwenye hicho hicho cherehani.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia tafuta mtu wa kuwasikiliza. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inataja mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Sisi upande wake alikuja mjomba wake, wangu akasimama yule mzee. Usimchukue mama yako. Wangu nilimwomba akae pembeni, akaninunia wiki mbili nzima, chai nikawa najitilia mwenyewe. Ila mama mzazi hasuluhishi, anamtetea mwanawe, na mkwe naye ana mama.

Mahakama hatukuiruka kabisa, na asikudanganye mtu kwamba inarukika. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, yenye kuvunja ndoa ni mahakama, na kabla ya kuifikia, isipokuwa katika hali chache maalumu, lazima mpite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kila kata inatakiwa iwe nalo; sisi tulikwenda la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Tofauti yetu ni kwamba tulipofika mbele ya hakimu, la kugombania lilikuwa limekwisha. Tulipeleka makubaliano.

Makubaliano hayo tuliyaandika kwenye daftari la shule, kurasa nne, sahihi zetu na za wale wazee wawili. Ya watoto ndiyo yaliyokula muda. Mdogo alikuwa na miaka 5, na sheria inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ingawa inaweza kupingwa. Sikuipinga. Mkubwa tulimuuliza mwenyewe, akasema anataka kukaa na mdogo wake. Idd el Fitri kwangu, Idd el Hajj kwa mama yao. Sare na viatu vya Januari ni vyangu. Matumizi natuma kwa simu kila tarehe 2, wala simpi mkononi hata nikikutana naye soko la Mgandini, kwa sababu ujumbe wa simu haubishani na mtu.

Haya yote ni ya watu wanaoweza kukaa mkeka mmoja bila mmoja kumwogopa mwenzake. Kama kuna kipigo, achana na kahawa ya wazee. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Nimeona mwanamke akirudishwa kwa mumewe kwa jina la suluhu, na uso umevimba.

Hata daftari letu lilikuwa na tundu. Tuliandika kwamba watoto watarudi kwa mama yao Jumapili, saa hatukuandika. Mwezi wa tatu niliwarudisha saa nne usiku, mdogo kalala kwenye tangi la pikipiki, kesho yake shule. Mama yao hakunipigia kelele. Alimpokea mtoto, akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akanishikia tochi ya simu pale kibarazani. Nikaandika mwenyewe: kabla ya adhana ya Magharibi.