Vifo 20 vya New York na 12 vya Japani: usilinganishe hivihivi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kuwa New York mwaka 1900 vifo vilikaribia 20 kwa kila watu 1,000. Japani leo ni zaidi ya 12, Tanzania chini ya 10. Ina maana tunawashinda Wajapani kwa afya? Na hiyo New York mbona haitishi sana?

Jibu: Marahaba. Hicho ulichosoma ni kiwango ghafi: vifo vyote vya mwaka vikagawanywa kwa watu wote, mzee na mchanga kapu moja.

Tubuni miji miwili ya watu 10,000. Mji A una vijana 9,000, wanakufa 4 kwa 1,000, na wazee 1,000, wanakufa 50 kwa 1,000. Jumla vifo 86, yaani 8.6 kwa 1,000. Mji B una vijana 5,000 wanaokufa 2 kwa 1,000 na wazee 5,000 wanaokufa 40 kwa 1,000. Jumla 210, yaani 21. B ina nafuu kwa kila rika, lakini kwa kiwango ghafi inaonekana machinjioni! Sasa chukua viwango vya B uvitie kwenye umri wa watu wa A: vifo 58, yaani 5.8. Huko ndiko kusanifisha kwa umri. Japani ni mji B.

New York ya 1900 ilikuwa na watu milioni 3.4, zaidi ya theluthi moja wamezaliwa ng'ambo, wengi wao wamehamia wakiwa na nguvu za kazi. Mji wa vijana namna hiyo ukifikisha 20, hali ni mbaya kuliko tarakimu inavyosema. Kati ya kila vifo 100 vilivyoandikishwa Marekani mwaka huo, kama 30 vilikuwa vya watoto chini ya miaka 5. Maziwa yalitoka mbali, yakachotwa dukani kwenye makopo yaliyo wazi, na joto la Julai likifika kuhara kunazoa wachanga. Mfanyabiashara Nathan Straus alikuwa ameshaanza mwaka 1893 kugawa maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu.

Kwa sababu za vifo, Marekani 1900: nimonia na mafua makali 202 kwa kila watu 100,000, kifua kikuu 194, kuhara 143. Moyo 137, saratani 64 tu. Hapo nenda polepole. Orodha hiyohiyo ina "uzee", vifo 50 kwa 100,000, na sijui ni mgonjwa gani aliyekufa kwa uzee mtupu. Humo wamo wa moyo na wa saratani ambao hawakupimwa. Kifua kikuu nacho kilikuwa aibu, kwa hiyo baadhi ya madaktari waliandika ugonjwa mwingine kuisitiri familia.

Ukitaka kulinganisha, tafuta kwanza jedwali la vifo kwa rika. Usipolipata, linganisha vifo vya wachanga kwa kila vizazi hai 1,000. Hapo wingi wa wazee haukuchezei.