Kitabu kinasema 87, pampu inasema 91

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua pikipiki ya mtumba, CC 250 ya kabureta, ikaja na kitabu chake. Kitabu kinataka petroli ya oktani 87, ila kituoni naona 91 na 95 tu. Mwenzangu ananihimiza niweke 95, eti ina nguvu. Kaka yangu anasema nitaunguza valvu. Halafu nikipandisha mlima na abiria, injini inalia kama misumari ndani ya kopo. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Rudi kwanza kwenye kitabu, utazame kilichoandikwa karibu na hiyo 87. Ukikuta (R+M)/2, kitabu hicho ni cha soko la Marekani au Kanada. Wenzetu wa huko hupima petroli kwa njia mbili, RON na MON, wakaandika wastani wake. Kwingineko kwingi pampu huonyesha RON peke yake, ambayo huwa juu kwa namba nne au tano hivi. Basi 87 yao na 91 yako ni kama petroli ile ile. Weka 91, ulale usingizi.

Mwenzako amechanganya mambo. Oktani ni uvumilivu wa petroli: inabanwa, inapata joto, na bado haijilipui kabla moto wa plagi haujaifikia. Pikipiki ya mbio inayobana 12 au 13 kwa 1, yaani inayoukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli hadi sehemu moja kati ya 12 au 13 ya nafasi yake, inauhitaji uvumilivu huo. Inayobana 9 kwa 1 haiongezi hata punje ya mwendo kwa kunyweshwa 95. Na kaka yako atulie, valvu hazitaungua. Itakayoungua ni pesa yako.

Ila hiyo misumari ndiyo inayonikosesha raha. Unapanda na gia ya ngapi? Wengi hung'ang'ania gia kubwa, mzunguko umeshuka, mkono umefungua mafuta hadi mwisho. Hapo mchanganyiko unakaa muda mrefu kwenye joto na mbano, sehemu yake inajilipukia pembeni, na ndiyo misumari unayoisikia. Shusha gia mapema, injini izunguke.

Ikiendelea kulia, usikimbilie 95. Mimi nilikimbilia. Nilitembelea petroli ghali miezi kadhaa, sauti ikapungua, haikuisha, nami nikajiona tabibu. Siku niliyofungua kichwa cha silinda nikakuta pistoni imedonolewa ukingoni, vishimo vidogo vidogo, kama imeliwa na mchwa. Chanzo? Mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hewa ya ziada ilikuwa inaingia, petroli haitoshi, joto linapanda. (Ufa wenyewe ulikuwa upande wa chini, nani angeuona!)

Kwa hiyo iache injini ingurume taratibu, unyunyizie maji kidogo kwenye mpira huo. Mngurumo ukibadilika, umempata mwizi. Kama mpira ni mzima, mwambie fundi wako atazame masizi juu ya pistoni. Yakiwa mengi hupunguza nafasi, mbano unazidi, na yenyewe yanaweza kubaki na moto. Plagi nayo ichomoe, usome namba yake, uilinganishe na ya kitabuni. Pikipiki za mtumba hizi, aliyetangulia huwa amefunga plagi yoyote iliyokubali kuingia kwenye tundu.